Ubeti wa Nne

Tulifanyia mazoezi kwenye kinu cha posho, Obunga,
saa tatu usiku, mkanda ukishapoa,
unga bado uko hewani, haujaamua pa kutua.
Lihanda akipiga ngoma, vumbi jeupe linaruka,
tunazeeka sote kwa dakika moja, kope na nyusi,
wazee wanne wenye fulana nyeusi.

Wimbo aliuleta Zadock.
Benga ya zamani, ya marehemu Ogwel wa Awasi,
santuri iliyokwaruzwa na sindano, kisha na watoto.
Arusi zote za utoto wangu ziliuchezea:
mabega, kiuno, soda ya rangi ya machungwa.
Hakuna aliyeniambia ni wimbo wa deni.

Mara ya kwanza tuliukimbiza.
Tulidhani ukali ni mwendo.
Gitaa la Shem likakereza kama msumeno wa fundi mwenye haraka,
Zadock akabweka maneno asiyoyajua
(babake Mkisii, Kijaluo chake cha sokoni).
Kule Kondele vijana kumi na wawili walitikisa vichwa,
wa kumi na tatu akacheka,
na kicheko chake ndicho nilicholala nacho.
Tulikuwa tumemvika babu suruali ya kubana
tukamwambia, haya, ruka.

Mara ya pili tukaogopa.
Tukaufuata noti kwa noti, kwa adabu,
kama mtu anayenakili barua ya mapenzi ya jirani
hata makosa ya tahajia asiyaguse.
Hakuna aliyecheka.
Jamaa mmoja alitoka kupokea simu,
akarudi tumemaliza,
akauliza, mnaanza saa ngapi?

Nikaenda Awasi kwa mjane, Felgona,
kuomba ruhusa tuliyopaswa kuiomba mwanzo.
Nikamwekea simu sikioni. Alikuwa akipukuchua mahindi.
Hakusema mbaya. Hakusema nzuri.
"Ubeti wa nne mmeutupa wapi?"

Tuliukata. Ulikuwa majina tu, na tani.
Hata redio iliukata, dansi isikwame.
Akautaja wote, vidole havikuacha mahindi:
Okumu Ratego, tani kumi na moja.
Nyar Kano, yule mjane, tani nne.
Sigei wa kule juu, tisa, na trela lililopinduka.
Miwa ilipimwa. Miwa ilisagwa.
Cheti kipo, hela haipo.
Kisha akadai kilo kumi za sukari, ndiyo malipo,
"lakini isiwe ya kiwanda kile."

Siwezi kukupa kanuni. Nakwambia tulilofanya.
Tuliupunguza mwendo hadi ukawa trekta
lililozama kwenye tope la Aprili.
Mpigo wa besi wa Ogwel, ule wa kurukaruka,
sikuubadilisha hata kidole kimoja;
niliuteremsha tu, chini kabisa,
pale unaposikika kwa magoti.
Vingine vyote tulivunja.

Tukaupiga Muhoroni, ukumbi wa kukodi, bati na viti vya plastiki.
Felgona alikaa karibu na mlango, vidole masikioni,
na sikumlaumu.
Ubeti wa kwanza, watu walitutazama.
Wa pili, mtu aliutambua, akaona haya kucheza.
Wa tatu sikumbuki, nilikosea.
Kisha ile sauti ya Zadock, ya kunguruma,
ambayo mamake huiita ugonjwa,
ikapata kazi:
OKUMU RATEGO
TANI KUMI NA MOJA

na mzee wa kofia ya sufu, safu ya tatu,
akasimama, akaangusha kiti:
"Kumi na nne! Zilikuwa kumi na nne!
Mimi ndiye niliyepakia!"

Felgona alikuwa ametoa vidole.
Lihanda akasimamisha ngoma.
Amplifaya ikabaki ikivuma peke yake.
Zadock akamtazama mzee,
akafuta jasho, akarudi kwenye maikrofoni,
akasahihisha.

Tukaendelea na Nyar Kano.